Kusomea teatri: wiki yako itajaa nini?

Swali kutoka Katuba, Lubumbashi: «Jambo sana yaya. Nina miaka 19, na mwaka huu nimepata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, kwa 66%, seksio ya fasihi. Tangu utoto ninacheza teatri katika kundi la parokia yetu, sasa nataka kuisomea kabisa. Papa anasema nisome sheria, teatri nitacheza Jumamosi. Mjomba anayekaa Chicago anasema kule kuna BA na BFA, na nisikubali BA hata kidogo kwa sababu si ya wasanii wa kweli. Rafiki yangu yuko INA, shule ya sanaa ya Kinshasa, ananiita. Mwingine ananitajia Ubelgiji. Pesa nyumbani si nyingi. Nichague nini?»

Mdogo wangu, umeniita yaya (wasomaji wa Dar wasicheke, kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto), basi nitakujibu kama yaya. Nianze na mjomba, maana ndiye aliyelikoroga zaidi.

BA (Bachelor of Arts) na BFA (Bachelor of Fine Arts) zote ni shahada za kwanza za Marekani, zote za miaka 4, na zote zinadai krediti zipatazo 120. Zinaachana katika namna ya kuzigawa hizo krediti. Wa BFA anatumia kama theluthi mbili ya masomo yake ndani ya teatri yenyewe: sauti, mwili, uigizaji, au taa na mavazi ikiwa amechagua kazi za nyuma ya pazia. Wa BA anatumia kati ya theluthi moja na nusu. Muda uliobaki anasoma historia, lugha, saikolojia, hata hesabu. Hiyo ndiyo tofauti ya karatasi. Mengine yote mjomba ameyasikia kwenye basi.

Na bahati yake anakaa mji ambao ungemfundisha bila nauli kubwa. Pale Chicago kuna shule ya teatri ya chuo kikuu cha DePaul, iliyoanza 1925 kwa jina la Goodman. Hiyo inatoa BFA, inawachuja waigizaji kwa majaribio, na ukishaingia unashinda mazoezini. Kaskazini kidogo, Evanston, kuna Northwestern. Hapo mwanafunzi wa teatri anatoka na shahada ya jumla, si BFA, na hakuna mtu wa fani hiyo Marekani anayeidharau Northwestern. Mjomba apande treni siku moja, aangalie milango yote miwili, kisha arudi kutuambia msanii wa kweli alimwona wapi.

Lakini ninamwelewa. Anachokiogopa kwa niaba yako ni kwamba utasoma miaka 4 habari za teatri bila kufundishwa kuicheza. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo swali lenyewe. Kote duniani, jina la shahada liwe lolote, utakutana na koo mbili. Ukoo wa kwanza unafundisha mwili: unaingia saa mbili asubuhi na nguo za mazoezi, unajifunza kupumua, kusimama, kuanguka bila kuumia, kusema sentensi moja kwa namna kumi, na jioni bado mko kwenye onyesho. Katika shule za namna hiyo, saa 30 za vitendo kwa wiki ni jambo la kawaida. Ukoo wa pili unafundisha jicho: unasoma tamthilia, unachambua, unajua Wagiriki walicheza vipi na kwa nini jukwaa la Shakespeare halikuwa na pazia, unaandika kurasa nyingi, na vitendo ni saa chache tu. Mtu akikutajia shahada, muulize: ni ya ukoo gani? Kisha omba ratiba ya wiki moja ya mwaka wa kwanza. Usiombe kitabu chenye picha za wanafunzi wanaocheka kwenye majani. Omba ratiba, hesabu saa za kusimama na saa za kukaa. Shule isiyoweza kukuonyesha ratiba imeshakujibu.

Kwa hao Wamarekani, kuna jambo ambalo ratiba haisemi, na inafaa mjomba alichungulie. Nani anapewa nafasi ya kucheza? Kwenye BFA mnakuwa darasa dogo, watu kumi na kitu au ishirini na kitu, na maonyesho ya shule ni yenu. Kwenye chuo chenye BA peke yake, majaribio ya maonyesho kwa kawaida yako wazi kwa kila mtu, hata yule wa biolojia. Tatizo huanza pale BA na BFA zinapokaa nyumba moja: mara nyingi nyama inaliwa na BFA, BA wanabaki na mchuzi. Na kama chuo kina shahada ya uzamili ya uigizaji, ile wanayoiita MFA, wakubwa hao ndio wanaochukua nafasi kubwa, na wewe wa mwaka wa pili unabeba mkuki nyuma ya mfalme. Kubeba mkuki si kosa, mimi nimeubeba. Ila ujue mapema.

Sasa pesa. Hapa ushauri wa mjomba unageuka hatari. Umeandika kwamba pesa nyumbani si nyingi, na Marekani bila msaada minervali (ada ya masomo) ya mwaka mmoja inaweza kumeza nyumba yenu ya Katuba pamoja na uwanja wake. Vipo vyuo vichache ambavyo humpokea hata mgeni bila kutazama mfuko wake, kisha vinalipa chote ambacho familia haiwezi: Harvard, Yale, Princeton, Amherst ni miongoni mwao. Angalia wanachotoa. Teatri ipo, Harvard waliifungulia fani kamili pamoja na dansi mwaka 2015, lakini shahada ni ya jumla, ni ile BA ambayo mjomba anaikataa. Upande wa pili, Carnegie Mellon, shule ya BFA yenye sifa kuliko karibu zote, iliyofungua milango ya teatri mwaka 1914, haitoi msaada wa fedha kwa wageni wa shahada ya kwanza. Zipo shule za BFA zinazosaidia wageni, Juilliard ya New York ni mojawapo, lakini kwa ujumla mtoto wa mgeni asiye na pesa anaingilia mlango wa BA.

Na hilo si pigo kama linavyosikika, kwa sababu Wamarekani wamejenga ngazi yao namna ambayo shule kali ya uigizaji inaweza kuja baadaye. Shule ya teatri ya Yale, ya uzamili, haitozi ada ya masomo tangu 2021. Juilliard nao wameondoa ada kwenye uzamili wao wa uigizaji tangu 2024. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya BA akiwa kijana, akaisoma dunia, halafu akaenda kufinyangwa akiwa na miaka 25 bila deni la ada. Nisikudanganye kuhusu upana wa mlango: kati ya watu 100 wanaoomba Harvard au Yale, hawafiki watano wanaoingia, na 66% ya diploma ya Serikali haitatosha bila Kiingereza kizuri na kitu cha pekee cha kuonyesha. Jaribu ukitaka. Kujaribu ni kazi ya miezi na wala si dhambi. Ila usikae nyumbani mwaka mzima ukingoja.

Ngazi ya Ulaya ya Kifaransa imesimamishwa kinyume chake, na hapa ndipo ningependa usome polepole.

Ufaransa wana shule za juu za taifa: Conservatoire ya Paris, shule ya Théâtre National de Strasbourg, ENSATT ya Lyon, na nyingine. Ni miaka 3, na mwigizaji anatoka na diploma ya taifa ya ufundi wa uigizaji, ambayo mara nyingi imefungamanishwa na lisansi (shahada ya kwanza) ya chuo kikuu jirani. Huu ni ukoo wa mwili kabisa. Ada ni ndogo. Lakini unaingia kwa konkuru, mtihani wa kugombea nafasi: mamia kwa mamia ya vijana, mahali pengine zaidi ya elfu, wanagombea nafasi ambazo hazizidi thelathini hivi. Na kuna kikomo cha umri, kwa kawaida katikati ya miaka ya ishirini. Umeona? Marekani mlango wa mwigizaji unaweza kufunguka baada ya shahada ya kwanza. Ufaransa, wakati huo unaanza kufungwa. Mtu akikuambia «soma kwanza kitu cha maana, teatri baadaye», kwa Marekani anaweza kuwa na haki. Kwa Paris au Strasbourg amekupotezea miaka.

Ubelgiji, huyo rafiki mwingine hakukosea kuutaja. Wana INSAS pale Brussels, iliyoanzishwa 1962, wana IAD huko Louvain-la-Neuve, wana Conservatoire za Brussels na Liège na Arts² ya Mons. Miaka 3 ya shahada ya kwanza, kisha ya uzamili. Huko pia unapita kwenye jaribio la kuingia, lakini umati si ule wa Paris. Kitu kinachowaangusha vijana wetu si jaribio, ni karatasi: diploma yako ya Serikali lazima itambuliwe rasmi kuwa sawa na ya kwao, na ombi hilo linatakiwa kabla ya tarehe 15 Julai. Wewe unayejua jinsi diploma inavyochelewa kutoka Kinshasa hadi kufika mkononi mwa mtu wa Katuba, fanya hesabu mwenyewe. Mara nyingi maana yake ni kwamba safari ni ya mwaka unaofuata, si mwaka huu.

Halafu kuna mtego. Vyuo vikuu vya Ufaransa vina lisansi inayoitwa «sanaa za maonyesho», arts du spectacle. Inapatikana bila konkuru, unapeleka faili yako kupitia Campus France, ofisi yao ya kupokea wanafunzi wa kigeni, na jina lake ni tamu. Vijana wawili ninaowajua walikwenda huko wakidhani wanaenda kucheza. Kufikia Novemba mmoja alinipigia simu usiku: «Yaya, tumesoma mapazia ya karne ya 17 kwa wiki tano, sijapanda jukwaa hata mara moja.» Nikamwambia hajadanganywa, ameingia ukoo wa jicho bila kuuliza. Mwenzake aliipenda, na leo anaandika tamthilia. Kwa mtu anayetaka kuandika, kuelekeza, kufundisha au kuendesha nyumba ya utamaduni, lisansi hiyo ni nzuri sana. Kwa mtu ambaye miguu inamwasha akiona jukwaa tupu, ni mateso. Tena si bure kama watu wanavyosema mitaani: tangu 2019 mgeni asiye wa Ulaya alipangiwa euro 2,770 kwa mwaka, kiasi kilichopanda kidogo baadaye, ingawa vyuo vingi vimewasamehe wageni wao. Na kwa visa utaulizwa ushahidi wa euro 615 kwa kila mwezi. Zidisha mara 12 kabla ya kumwambia papa.

Nirudi karibu. Upande wa kusini, Lushois (watu wa Lubumbashi) wengi wanaijua njia ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, kuliko njia ya Kinshasa. Cape Town, chuo kikuu cha UCT kina shahada ya teatri na uigizaji ya miaka 4, ya vitendo. Wits ya Johannesburg nayo inafundisha teatri kwa mkono na kwa kitabu pamoja. Vyote kwa Kiingereza, na bei ya mgeni. Johannesburg hiyohiyo kuna kitu kinachonivutia zaidi kwa mtu kama wewe: Market Theatre Laboratory, iliyoanzishwa 1989 kwa kazi ya Barney Simon, ili kuwafundisha vijana wa vitongoji ambao vyuo vikuu havikuwataka. Haikuanzishwa kugawa shahada, na bado imetoa waigizaji ambao wenye shahada wanawaamkia.

Mashariki kuna Dar es Salaam. Chuo kikuu chao kilikuwa na idara ya sanaa za maonyesho tangu 1967, na waliofundisha pale ni pamoja na Penina Muhando na Amandina Lihamba, wanawake walioandika tamthilia kwa Kiswahili na katika miaka ya 1980 wakaipeleka teatri vijijini, wanakijiji wakawa wachezaji na wachezaji wakawa wasikilizaji. Nakutajia hili kwa sababu maalum. Hapa kwetu Kongo, kazi ya teatri inayolipwa mara kwa mara ni ile ya kuelimisha watu: kipindupindu, uchaguzi, amani, mashamba. Wengi wanaifanya vibaya, wanapiga kelele sokoni na fulana za shirika. Watu wa Dar waliifikiria kazi hiyo kwa kina, na kwa lugha yetu, miaka 40 iliyopita. Na Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981: ngoma, maigizo, muziki. Huko unapata cheti na diploma, si shahada, lakini mwili utachoka kweli.

Sasa INA. Institut National des Arts iko Kinshasa, ni ya Serikali, na ndiyo shule kongwe ya sanaa ya maigizo nchini, pamoja na muziki na uendeshaji wa shughuli za utamaduni. Tangu mageuzi ya LMD (lisansi, masta, doktora) yaliyoenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, hesabu ya nchi nzima ni lisansi ya miaka 3, krediti 180, halafu masta miaka 2. Lisansi ya leo si ile ya papa yako. Zamani ilikuwa gradua miaka 3 kisha lisansi miaka 2, jumla 5. Mweleze, maana wazazi wengi wanaposikia «lisansi miaka 3» wanadhani mtoto anadanganya.

INA ni ukoo wa mwili, na ina kitu ambacho Brussels haitakupa: mji. Kinshasa kuna makundi, kuna Théâtre des Intrigants pale Ndjili tangu 1982, kuna Tarmac des Auteurs, kuna watu wanaocheza barabarani, na mwanafunzi anayejituma anacheza nje ya shule kabla hajamaliza mwaka wa pili. Ubaya wake unaujua. Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, tiketi ya ndege ni pesa, na utacheza kwa Kifaransa na Lingala. Kiswahili chako kitalala kabatini.

Nisimame hapo kwenye lugha, maana ndipo nilipojikwaa mwenyewe. Nilisomea nje, shule sitaitaja, shule nzuri. Miaka 3 walinisafisha mdomo. Kila «r» yangu, kila namna yangu ya kuburuza neno, ilipigwa pasi mpaka ikanyooka. Nilirudi Lubumbashi na pumzi ya ajabu, naweza kusema mistari ishirini bila kutweta. Onyesho langu la kwanza nilifanya mtaa wa Kamalondo, kwa Kiswahili. Watu walicheka vizuri sana, nikafurahi, mpaka nilipogundua kwamba hawacheki kisa. Wanacheka mdomo wangu. Mama mmoja wa mbele alimwuliza jirani yake kwa sauti, «Huyu ni padri?» Ilinichukua miaka miwili kurudisha mdomo wa nyumbani, na nilifundishwa na wanaume waliokuwa hawajawahi kuona mlango wa chuo chochote cha sanaa.

Kwa sababu mji huu ulikuwa na shule yake. Kundi la Mufwankolo lilicheza redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha Lubumbashi miaka na miaka, na namna yao ya kufanya kazi ingemshangaza mwalimu wa Strasbourg: wanachukua wazo, hata methali moja, wanalijadili, wanagawana nafasi, wanazoeza, na hakuna anayeandika mistari. Maneno yanazaliwa mdomoni. Profesa mmoja wa kigeni, Johannes Fabian, alikuja kuwasoma katika miaka ya 1980 na kuandika kitabu kizima juu yao. Fikiria: mtu amevuka bahari kuja kujifunza kitu ambacho sisi tunakiona kama mchezo wa kuchekesha tu. Hakuna BFA inayokifundisha. Ukiondoka Lubumbashi bila kukibeba, utakwenda kukisoma kwenye maktaba ya watu.

Kwa hiyo ningekuwa wewe? Ningeanza kwa kuuliza kama kuna shangazi au mama mdogo Kinshasa mwenye kitanda cha kweli, cha miaka 3, si cha mwezi mmoja wa heshima. Kama yupo, INA. Una miaka 19, mwili bado ni udongo mbichi, na mitihani ya Ulaya bado ina nafasi yako mpaka utakapomaliza lisansi na miaka 22 au 23. Utaenda kwenye konkuru ya Brussels au ya Liège ukiwa umeshasimama mbele ya watu mara mia.

Kama kitanda hakipo, usilale njaa Kinshasa kwa ajili ya jina la shule. Ingia Unilu, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, kitivo cha fasihi, ule mkate wa ukoo wa jicho kwa bei ya nyumbani, na jioni uwe katika kundi. Si lile la parokia pekee. Tafuta wakubwa wanaocheza Halle de l'Étoile, ukumbi wa utamaduni wa Wafaransa hapa mjini, nenda kituo cha sanaa cha Picha wakati wa biennale, tamasha lao la sanaa, kaa nyuma, beba viti, omba nafasi ndogo. Fiston Mwanza Mujila, ambaye leo tamthilia zake zinachezwa Ulaya, ni mtoto wa mji huu, kazaliwa 1981. Kuanzia hapa si kuanzia chini.

Neno moja kuhusu upande ambao hukuuliza. Shule kadhaa nilizozitaja zina mkondo wa taa, sauti na usimamizi wa jukwaa, na wasichana wetu hawauombi. Lubumbashi ina waigizaji wengi wenye njaa, lakini mtu wa taa mwenye ujuzi anatafutwa kila wikiendi: makanisa, harusi, matamasha, sherehe za kampuni za madini. Nimeona onyesho zuri likifa kwa sababu umeme ulikatika na hakuna aliyejua kuunganisha jenereta na projekta mbili za taa. Si lazima iwe fani yako kuu. Chukua hata kozi moja. Itakulipia kodi ya nyumba.

Papa. Hakukosea kuogopa, na usimjibu kwa machozi. Ila mweleze kwamba sheria si mchana na teatri Jumamosi: kundi linalofaa linazoeza jioni nne au tano kwa wiki, na kitivo cha sheria kina kazi zake za jioni. Nimewaona walioweza vyote viwili, ni wachache na hawalali. Akikaza, kubali mwaka mmoja wa sheria kwa sharti kwamba hutaacha kundi, kisha mtazame alama pamoja mwezi wa saba. Na kabla ya hayo yote, mlete aone mazoezi. Mazoezi, si onyesho. Kwenye onyesho atauona mchezo. Kwenye mazoezi ataona kazi, watu wanarudia mlango mmoja mara kumi na tano huku jasho linatoka. Papa wengi wa Katuba wamefanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, au kwenye reli. Jasho wanalijua.

Jambo la mwisho, la haraka, kwa kuwa utajaribu mahali fulani na utaombwa kipande cha kucheza peke yako. Chukua mtu wa umri wako. Kila mwaka ninaona wasichana wa miaka 19 wakicheza bibi kizee aliyefiwa, wakikunja mgongo na kutetemesha sauti, kwa sababu wanadhani kulia ndiyo kuigiza. Tafuta msichana anayetaka kitu fulani kutoka kwa mtu fulani, na anamficha haja yake. Wakikuomba vipande viwili, cha pili kiwe cha kuchekesha kweli. Ufaransa na Ubelgiji mara nyingi utahitaji mwenzako wa kukujibu kwenye onyesho la watu wawili. Mtafute sasa, muanze kuzoea pumzi za kila mmoja, na msilipake manukato: lisemeni kwanza kwa sauti ile mnayonunulia makaa.